Baridi ya Kulwa na Doto

Jumatatu, 3 Julai 1995

Baridi! Leo Mkolani nzima, hapa Mwanza, haina salamu nyingine. Balozi wetu wa nyumba kumi kanipita kajifunga taulo shingoni kama bondia. Muuza maziwa anasema hajapata kuona baridi ya namna hii tangu azaliwe – naye kazaliwa juzi tu, ndevu hana.

Kliniki. Kulwa kilo mbili na gramu mia sita. Dada yake Doto, moja na mia tisa. Pacha hawa walikuja duniani kabla ya siku zao, na Doto anaonekana bado anafikiria kama abaki au la. Ananyonya kidogo, analala, unamgusa shavu, anakumbuka, anaendelea. Kulwa hana habari – ananyonya kama mtu aliyechimba mtaro kutwa.

Nesi kasisitiza: huyu binti asiachwe wazi wala asiogeshwe nje mpaka afike kilo mbili na nusu. Akae kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Nikauliza kifuani kwa nani. Kasema kwa yeyote mwenye kifua.

Kwa hiyo tuna zamu: mke wangu Getruda, mama yake, na mimi. Nimechora ratiba nikaibandika mlangoni. Getruda kaisoma, kasema hata huko kiwandani kwenu hakuna ratiba kama hii. Sijui kama alikuwa ananisifu.

Jumatano, 5 Julai

Zamu yangu jioni. Doto ndani ya shati, sweta juu yake, koti juu ya sweta. Nikatoka uani, nikakutana uso kwa uso na balozi. Kalitazama tumbo langu muda mrefu.

"Rwegasira, na wewe unatarajia lini?"

Kabla sijajibu, Doto akapiga chafya. Balozi karuka hatua moja nyuma! Nimecheka hadi Getruda akaja dirishani kuangalia kuna nini.

Sasa la mama mkwe. Bibi Paskazia yuko hapa tangu watoto wazaliwe. Ana sauti ya kuitia ng'ombe wa mlima wa pili. Ila kwa heshima ya ukwe ya kwao Kisesa, mimi na yeye hatukai chumba kimoja wala hatutazamani usoni. Yeye jikoni, mimi sebuleni, pazia katikati. Mazungumzo yetu yote hupitia kwenye pazia. Mtoto akitoka kwake kuja kwangu lazima apitie mikononi mwa Getruda, hata awe anasinzia.

Jioni pazia likaniita: "Baba Kulwa!"

"Naam, mama."

"Hii baridi umeijua inatoka wapi?"

Nikaanza kueleza habari za kipupwe, upepo wa kusini, mbingu isiyo na mawingu usiku. Kanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa. Halafu kasema: imekuja na watoto. Mapacha hawaji mikono mitupu. Kwao mapacha hutolewa nje alfajiri kabla ya jua, wanaogeshwa kwa maji ya majani, ukoo unawaimbia. Wasipotolewa, walichokuja nacho hakiondoki. Anataka tuwapeleke Kisesa mwezi huu huu.

Nikamwambia nesi amekataza.

"Nesi huyo kazaa mapacha mara ngapi?"

Pazia likacheka.

Ijumaa, 7 Julai

Kazini. Mimi ni karani wa chumba cha baridi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara – kila saa naandika nyuzi joto, kazi yangu ndiyo hiyo. Leo nimemwambia Mayala, mwenzangu wa zamu, kwamba nyumbani tunagombana juu ya baridi. Alikuwa anatoka kule ndani, kope zimeganda nyeupe.

"Wewe mtu unashinda na samaki kwenye ishirini chini ya sifuri, halafu unaogopa Julai ya Mwanza?"

Nikasema samaki hawana kilo moja na mia tisa. Baadaye kaja kunishika bega.

Kesho mama yangu anaingia na meli kutoka Bukoba. Mungu alisaidie pazia.

Jumamosi, 8 Julai

Mama kafika! Ma Leonsia mwenyewe, kakanyaga bandari kama mkaguzi wa shule. Mikungu miwili ya ndizi, kahawa ya kutafuna, Biblia, na sabuni za mche – eti sabuni za Mwanza hazitoi povu. Kafika nyumbani, kanawa mikono mpaka viwikoni, kamchukua Doto kutoka kwa Getruda, kamtia kifuani, kafunga khanga. Alikaa hivyo mpaka chakula cha usiku.

Bibi wawili wamesalimiana vizuri sana. Vizuri mno. Kila mmoja kamsifu mwenzake jinsi asivyozeeka.

Kisha mama kaona kamba ya nguo uani. Nepi za watoto zinaanikwa kwenye umande? Haiwezekani. Kuanzia leo nepi zitachemshwa jioni, zitafuliwa kabla ya kulala na kuanikwa barazani chini ya paa. Mama mkwe kasema, kupitia pazia, kwamba Kisesa nepi zinaanikwa kwenye miiba ya ua na watoto wanakua. Mama kasema kwetu Kamachumu wanakua pia, lakini bila miiba.

Jumapili, 9 Julai

Tumefanya makubaliano. Naandika hapa ili nisije nikasahau nilisema nini hasa.

Baada ya ibada watu watatu wameniambia baridi ya mwaka huu haijapata kutokea. Nikakumbuka: mwaka jana walisema hivyo hivyo. Mwaka juzi pia! Nikamwambia mama mkwe: mama, tuipime. Sekondari niliyosoma ina kituo cha hali ya hewa, na wana kitabu cha rekodi za kila Julai tangu mwaka 1958. Mimi nitapima hapa nyumbani kila alfajiri. Kama baridi hii inashinda Julai zote zilizoandikwa, basi si ya kawaida. Nakubali imekuja na wageni, na tutawapeleka Kisesa alfajiri kama mnavyotaka. Kama ni baridi ile ile ya siku zote, tunasubiri Doto afikishe kilo zake.

Pazia likauliza: "Na kitabu chako hakitabadilika usiku?"

"Hakitabadilika."

"Haya. Tumekubaliana, baba."

Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Kila Julai ni baridi, na kila Julai watu wanasahau ile iliyopita.

Meneja kaniruhusu niazime themomita ya akiba. Nimeijaribu kwenye barafu iliyopondwa: sifuri kamili. Nimeitundika kwenye nguzo ya baraza, kivulini, usawa wa kifua, kama tulivyofundishwa.

Jumanne, 11 Julai

Siku ya mapumziko. Nimekwenda shuleni kwa baiskeli, njia ya Usagara, upepo wa kusini usoni muda wote. Mwalimu Shimba wa jiografia kanifungulia kabati, kaniachia meza yake. Kile kisanduku cheupe cha vipimo bado kipo uwanjani, miguu imeliwa na mchwa kidogo, mbuzi kajipumzisha chini yake.

Nilikuwa na furaha kama ya mtoto. Julai baada ya Julai! Za zamani ziko kwa Farenhaiti, nikazibadilisha moja moja. Na mwaka 1977, mwandiko wangu mwenyewe, namba saba zangu za madaha. Siku moja niliandika: "Baridi kali, haijapata kutokea." Nyuzi kumi na tano! Mwalimu Shimba kacheka, kasema kila kidato kimeandika sentensi hiyo.

Matokeo: alfajiri nyingi za Julai ni kumi na tano, kumi na sita. Kumi na nne si ajabu. Ya chini kuliko zote ni mwaka 1968, kumi na mbili na nusu. Nimerudi napiga mluzi, upepo sasa mgongoni.

Nikafungua daftari langu kwanza. Leo alfajiri niliisoma themomita harakaharaka, nikidhani macho yana usingizi: kumi na tatu. Jana vilevile. Nikahesabu kwa vidole: imebaki nusu tu kuufikia mwaka 1968. Mluzi ukaisha.

Ijumaa, 14 Julai

Kumi na mbili. Naisoma gizani kabla ya kwenda kazini: nasogeza nepi, namulika tochi, naandika. Kumi na mbili! Mwaka 1968 umeshapitwa.

Jioni, kwa kujitetea, nimemuuliza mama mkwe kama anakumbuka baridi yoyote kali ya zamani. Kasema bila kufikiri: mwaka aliozaliwa kaka yake Getruda, Nkwabi. Mwaka ule ndama waliingizwa jikoni kulala na watu, na yeye mzazi alilala katikati ya ndama wawili, "mmoja alikuwa anakoroma kuliko baba mkwe wako." Getruda kaenda kutoa kadi ya ubatizo ya kaka yake, ipo kwenye sanduku. Julai 1968!

Nikapiga meza kwa furaha. Kitabu na mama mkwe wamesema jambo moja! Nikamwambia, mama, wewe ni kituo cha hali ya hewa. Kauliza hicho ni kitu gani, nikamweleza: kisanduku cheupe, kina mbuzi chini yake. Kacheka sana.

Halafu kasema polepole: "Na mwaka ule, baba, jirani yetu alizaa. Umeniuliza alizaa nini?"

"Alizaa nini, mama?"

"Wawili."

Sebuleni mama yangu katafuna kahawa yake kwa nguvu.

Jumapili, 16 Julai

Kumi na moja.

Nilisimama pale na tochi nikiisoma na kuisoma. Hakuna Julai hata moja, tangu 1958, iliyofika hapo. Nimeshindwa. Nikaenda kwenye pazia nikasema: mama, umeshinda. Kapiga kigelegele kimoja, Kulwa kaamka, jirani kabisha hodi kuuliza nani kaolewa.

Imepangwa Jumamosi ijayo, tarehe 22, alfajiri. Mama mkwe anatuma salamu Kisesa kwa kila gari linaloelekea huko. Nimetoa neno langu na neno ni neno. Lakini Doto ni kilo mbili na mia moja.

Mama hakwenda ibadani. Nilimkuta chumbani, Doto kifuani, kageukia ukuta. Nikauliza ni nini. Kasema: "Unamkumbuka Kokulinda?"

Namkumbuka jina tu. Mdogo wangu, nilikuwa na miaka mitatu. Nilijua alifariki kwa homa. Mama kasema haikuwa homa. Ilikuwa asubuhi ya ubatizo, mvua ya Kamachumu, kanisa halina milango bado, na watu walisema mtoto wa Mkristo haogopi maji. Naye akanyamaza kwa sababu alikuwa mama kijana mbele ya wakwe. "Safari hii sinyamazi, Osward. Lakini na wewe usinifanye nigombane na yule mama. Nampenda."

Sijui nifanye nini.

Jumatano, 19 Julai

Kumi na moja na nusu. Mama mkwe kaanza kumfundisha Getruda nyimbo. Nazisikia kutoka sebuleni – masikio yangu yamepata moto, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya mwili wangu yenye moto. Kwao siku ya mapacha ukwe unafunguliwa: wanawake wanamwimbia baba wa watoto chochote wanachotaka, na yeye haruhusiwi kukasirika. Kuna ubeti juu ya mtu anayelala na samaki mchana, na usiku anapanda mbegu mbili kwenye shimo moja. Getruda alicheka mpaka maziwa yakamtoka.

Mimi nacheka nao. Halafu nakumbuka Jumamosi, kicheko kinakauka.

Alhamisi, 20 Julai

Lazima niandike vizuri, ingawa bado nacheka.

Zamu yangu kazini leo ni ya mchana. Usiku nilikaa na Doto kifuani, nikapitiwa, nikaamka jua limeshatoka. Nikakimbilia barazani kusoma themomita kwa aibu. Tangu niitundike, hii ndiyo mara ya kwanza naiendea kwenye mwanga. Haionekani! Nguzo yote imevikwa nepi. Nepi mbichi, nzito, inadondosha maji, imeizunguka themomita yangu kama kilemba. Upepo wa kusini unaipuliza. Na nyingine juu yake. Na nyingine.

Nikakaa chini pale pale barazani.

Tulifundishwa hili kidato cha pili! Kitambaa kibichi kwenye upepo mkavu hupoza. Ndivyo mtungi unavyopoza maji. Ndivyo kila mtu ajuavyo anapotoka kuoga ziwani. Na mimi karani wa baridi, mwenye kuijaribu themomita kwenye barafu, kila alfajiri nimekuwa nikisogeza nepi kwa mkono wangu mwenyewe, naisoma nepi, naandika Mwanza.

Nikaihamishia kwenye nguzo ya upande wa pili, kavu. Nikangoja. Kumi na sita. Nikaifunika nepi. Ikashuka mbele ya macho yangu, kumi na nne, kumi na tatu, kumi na mbili, ikatulia hapo. Nikaitoa. Ikapanda. Nilirudia mara ya tatu kwa raha tu!

Nikaingia nikawaambia wote. Mama kwanza hakuelewa, kisha kaelewa, kisha kafunika mdomo kwa mikono yote miwili: nepi zake! Sabuni zake! Mama mkwe nyuma ya pazia kauliza: kwa hiyo baridi ilianza lini hasa kushuka? Nikasema tangu nitundike themomita, Jumapili ya tarehe 9. "Na bibi wa Bukoba aliingia lini?" Jumamosi.

"Ee! Kumbe haikuja na mapacha. Imekuja na meli!"

Wazee wawili wamecheka mpaka wakashikana mikono. Pazia lilidondoka, na mimi nikageuka ukutani haraka kama askari.

Ijumaa, 21 Julai

Kumi na tano na nusu. Julai ya kawaida kabisa, pacha wa Julai nyingine zote. Nimeshinda.

Ushindi gani huu? Mama mkwe tangu jana jioni hana sauti. Katuma ujumbe Kisesa: msichinje, msikusanyike. Makubaliano ni makubaliano, kasema, kitabu hakibadiliki usiku. Asubuhi kaanza kukunja mkeka wake. Mama yangu akakaa juu ya mkeka, hakunyanyuka.

Ndipo Getruda akatoka chumbani na mtoto kila mkono. Sijapata kumsikia akisema kwa sauti ile.

"Mmepima baridi wiki mbili. Mmepima kwa nepi, mmepima kwa ndama, mmepima kwa kitabu. Nani kati yenu ameniuliza mimi niliyewazaa?"

Mimi nilitazama ratiba mlangoni.

Akasema watoto wake watatolewa. Ni mapacha, na hataki wakue wakiulizwa kwa nini hawakuimbiwa. Lakini watatolewa Doto akifika kilo mbili na nusu, maji yakiwa ya moto, na jua likiwa juu. Sio alfajiri. Anayetaka alfajiri akaogeshe wake.

Mama mkwe kasema taratibu: bila alfajiri haijawahi kufanyika, mwanangu. Siwezi kuamua peke yangu. Kaondoka na gari la mchana kwenda kuwauliza wakubwa wa ukoo. Mkeka kauacha. Naona hiyo ni dalili njema.

Jumatatu, 24 Julai

Hajarudi. Nyumba kimya. Nani angedhani ningekosa kusemeshwa na pazia?

Mama anaanika nepi uani sasa, kwenye jua. Zinakauka kabla ya adhuhuri. Kasema labda Kisesa wana akili.

Doto kashika kidole changu leo. Alishika kama mtu anayepanda kwenye gari linaloondoka.

Jumanne, 25 Julai

Karudi! Tulimsikia kabla hatujamwona. Kaingia jikoni, pazia likafungwa, sote tukasogea.

Kasema walibishana siku mbili. Wengine walisema haiwezekani. Shemeji yake mmoja, mzee Ndalahwa, alisema wajukuu wa siku hizi wataogeshwa kwa simu. Mwisho bibi mkubwa kuliko wote, ambaye naye alizaliwa pacha, akauliza: kwani alfajiri ni nini? Ni saa ya watu kuamka. Na mtoto mchanga anaamka saa ngapi? Saa yoyote anayotaka. Basi alfajiri ya mapacha ni pale wote wawili wanapofumbua macho.

"Wakifumbua saa sita mchana," mama mkwe kasema, "jua ndilo limewahi."

Getruda kalia. Nami nimekaribia. Mama kauliza swali moja tu, kwa sauti ndogo: maji ya moto kiasi gani? Mama mkwe kamjibu: utaingiza kiwiko chako mwenyewe, mama. Ukikataa, tutamwaga.

Ijumaa, 28 Julai

Kliniki. Getruda alimweka Kulwa kwanza, kilo tatu na ushee, kakojolea mizani. Ikafutwa. Kisha Doto. Mshale ukayumba. Mbili na nusu! Ukavuka kidogo, ukarudi, ukasimama pale pale. Nesi kasema anaweza kuogeshwa, lakini kwa haraka, na arudishwe kifuani mara moja. Kaongeza: na nyie mlio huko nje, acheni kelele.

Huko nje walikuwa bibi wawili wanapiga vigelegele kliniki ya watu.

Jumamosi, 29 Julai. Kisesa

Naandika nimesimama, mgongo kwenye ghala la mahindi. Themomita mfukoni, kivulini imesoma ishirini na tatu. Anga safi. Upepo upo, mdogo.

Watu wengi! Kuku, watoto, wazee kwenye magogo, ng'oma moja kubwa. Tumekaa tangu asubuhi tukingoja macho yafumbuliwe. Kulwa alifumbua mapema, Doto akawa amelala. Doto akafumbua, Kulwa akasinzia. Mzee Ndalahwa kasema hii ndiyo alfajiri ndefu kuliko zote alizowahi kukesha. Saa sita na ushee, Getruda kapaza sauti: wote! Ng'oma ikaanza.

Wameniimba mimi kwanza. Samaki wote wametajwa. Mbegu zimetajwa, shimo limetajwa, pazia pia limetajwa! Aliyeongoza ni mama mkwe mwenyewe, mbele yangu kabisa, ananikazia macho. Sijawahi kuyaona. Yana rangi ya asali, yamejaa utundu. Nilicheka na machozi yakanitoka na hakuna aliyejali.

Kulwa kaogeshwa. Kapiga kelele kama anauawa, kafutwa, kafunikwa, kalala. Watu wameshangilia.

Sasa Doto. Doto yuko kwa mama yangu, ndani ya sweta. Mama kajitenga kidogo, pembeni ya ua, kamkumbatia. Kaingiza kiwiko kwenye maji mara ya kwanza: ya baridi. Wakaongeza ya moto. Mara ya pili: bado. Wakaongeza. Mara ya tatu karudi nyuma tu. Nimewekewa beseni mbele nipime: thelathini na saba. Nikamwonyesha mama. Kaitazama themomita, kanitazama mimi. Hajasogea.

Nyimbo zimepungua. Watu wanaangaliana. Mama mkwe kaondoka katikati ya wanawake, kamwendea mama akicheza polepole, beseni kwenye nyonga, na kumwimbia: mama wa Bukoba umevuka ziwa zima, beseni linakushinda?

Nilifunga macho. Nikamsikia mama, sauti yake ile ya kwaya, anajibu kwa wimbo uleule:

"Ziwa nililivuka ndani ya meli! Beseni lenu lina meli?"

Kelele! Mzee Ndalahwa kaangusha fimbo. Mama mwenyewe anacheka, mabega yanatikisika, na ndani ya sweta kitu kinatikisika naye.

Mama mkwe hakuvuta mtoto. Kaweka beseni chini, kapiga magoti mavumbini, kanyoosha mikono yote miwili. Anangoja. Mama kainamisha kichwa, anamnong'oneza Doto kwa Kihaya. Kutoka hapa sisikii. Mkono wake umepanda kwenye kifungo cha juu. Kimefunguka. Wanawake sasa wanapiga makofi tu, polepole, hakuna anayemharakisha. Cha pili. Nywele za Doto zimetokea, zimelowa jasho. Getruda kaongeza kopo la maji ya moto, kakoroga kwa mkono.

Mama yuko kwenye kifungo cha tatu – naacha kalamu, Doto anatoka.